Droni ya kupima ngano, Narok
Hii huduma ya droni nimeipenda kweli, walirusha juu ya ngano yangu na kesho yake ramani iko kwa simu, kwenye kijani mimea iko poa, kwenye nyekundu kuna shida. Jani lenye afya hurudisha sana mwanga wa infraredi, ule macho hayaoni, likiugua mwanga huo unaorudi unapungua. Lakini ramani haikwambii kama ni kutu (ugonjwa wa ukungu wa majani) ama kiu ama kukosa mbolea, lazima uende ushike majani, mi nilienda nikakuta kutu ya manjano, unga wake unabaki kwa vidole, nikapiga dawa mapema. Picha za setilaiti ya Sentinel-2 ni bure kila siku 5 ila mawingu huziba, na pikseli, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10, doa dogo halionekani. Bei tu wapunguze, wenye ekari mbili tatu tunaumia.