Space Mono ya mlazo: kwenye stika na mabango iko poa, maandishi marefu achana nayo

Wakuu wa grafiki hapa Chuga (Arusha), hasa nyie mnaokata stika za Hiace, kama mmechoka kuona magari yote yameandikwa kwa fonti moja shusheni Space Mono halafu mchukue ile ya mlazo (italiki, herufi zimelala upande), tena ile nene. Imechorwa na Colophon Foundry ikatoka 2016, iko Google Fonts bure, na zipo nne tu, ya kawaida, nene, na mlazo wa kila moja, kwa hiyo usitafute nyembamba, hakuna.

Sura yake ni ya mambo ya anga kabisa. Waliivutia kwenye fonti za vichwa vya habari za miaka ya 60, ukoo wa Microgramma na Eurostile, zile ambazo muvi za sayansi zilizichukua mpaka tukazoea kwamba maisha ya mbele huko yanaandikwa hivyo. Ile ya wima ni nzuri ila imetulia mno, ukiweka ya mlazo ubavuni mwa gari ndo unaona kasi, yani gari limepaki zake Kilombero linasubiri abiria na bado jina linakimbia 😂

Sasa shida yake. Kila herufi inapewa nafasi sawa kama kwenye taipureta, i inapata upana uleule wa m, ndo maana i imewekewa miguu ili ijaze nafasi na m imebanwa. Na Kiswahili chetu kimejaa hizo mbili, andika "mmiliki" uone m zinavyosukumana mwanzoni halafu i huko mbele zinajitanua kama ziko kwao. Ng' ndo balaa zaidi, kile kialama cha juu kinakula nafasi ya herufi nzima, neno "ng'ombe" linaonekana kama limekatwa, kwenye bango la bucha itabidi usogeze kwa mkono (ukiacha hivyo mwenye bucha hataona ila mimi nikipita nitaona).

Orodha ya bei ndo raha yake, sufuri zinasimama chini ya sufuri zenyewe bila kuhangaika na tabo, ila mi ningeweka loshoro na mbuzi choma kwa mlazo, bei kwa wima. Kadi nzima ya sendofu usithubutu, inakula upana na aya ikifika mistari mitano macho yanachoka, imechorwa kwa ajili ya maandishi makubwa hii. Waandika programu wanaokesha na skrini wabaki na fonti yao ya JetBrains Mono, nayo ina mlazo na macho hayaumi.

Leseni yake ni ya wazi, kazi za mteja unafanya na unalipwa bila kuomba ruhusa kwa mtu, kisichoruhusiwa ni kuuza faili la fonti lenyewe peke yake, kwa hiyo jamaa akikuuzia hii kwenye flashi usitoe hata mia.