Nimemaliza kozi ya kuchora kama kina Pollock, haya ndo niliyoyaona

Nianze na nyota kabisa maana najua wengi mnaangalia hapo tu mnaondoka: tatu kati ya tano. Ni kozi ya video ya mtandaoni, wiki sita, inafundisha abstrakti ekspreshonizimu, yaani ile sanaa iliyoshika New York miaka ya 1940 na 1950, wachoraji kina Pollock, de Kooning, Kline, Rothko na wenzao, ile ambayo mtu akiiona anasema hata mwanangu anaweza. Jina la kozi silitaji, nina malalamiko na sitaki kesi za watu hahaha.

Na mi niliingia na dharau hiyo hiyo. Nimezoea kuchora sura za watu kwa penseli, zinafanana na wenyewe, watu wanasifia, basi. Nikasema ngoja nipumzike wiki sita nimwage rangi tu. Aisee.

Wiki ya kwanza ni Pollock, yule wa kudondoshea rangi kwenye kanvasi, na mwalimu anaanza na neno ambalo atalirudia mpaka mwisho likukere: toa hisia. Usifikirie, toa hisia. Haya. Nikatandika kanvasi sakafuni (hapo yuko sahihi, Pollock alikua anailaza chini kwenye banda lake kule Springs, Long Island, anaizunguka pande zote nne), nikachukua rangi ya akriliki ya tyubu nikakoroga na maji, nikatoa hisia. Lilitoka tope. Bonge huku, kidimbwi kule, hakuna hata mstari mmoja unaoeleweka ulikotoka na unakoenda. Nikarudia mara tatu na hisia kwa kweli hazikupungua maana kufikia hapo nilishakasirika.

Kilichoniokoa ni video ya ziada ambayo sijui kwa nini wameificha mwisho wa wiki ya pili. Ni msaidizi wa mwalimu, dada mmoja mpole, ana kopo la rangi na kijiti tu, dakika 20 nzima. Anachovya, ananyanyua, anakwambia angalia uzi. Ikidondoka matone matone ni nyepesi mno, ikiganda kwenye kijiti ni nzito mno, unataka ishuke kama uzi wa asali usiokatika. Halafu mkono sasa: ukienda polepole uzi ukifika chini unajikunja kunja vile vile asali inavyojikunja, ukienda kasi unalala umenyooka. Ukipandisha mkono uzi unakonda, ukishusha unanenepa. Dakika 20 hizo ndo kozi yenyewe kwangu mimi, mengine yote ni maelezo.

Hapo ndo nikaelewa kwa nini Pollock alihangaika na rangi za enameli za kupakia nyumba wakati rangi za wasanii zipo: enameli inatiririka, rangi ya mafuta ya tyubu inakaa pale ulipoiweka. Kuna ile filamu ambayo mpiga picha Hans Namuth alimchukua mwaka 1950, itafuteni, ila msimwangalie usoni, angalieni kiwiko na miguu. Jamaa hatapatapi hata kidogo, anatembea kama mtu anayepanda mbegu kwenye mistari. Sasa mwalimu anatuonyesha kipande hicho hicho halafu anasema mnaona alivyojiachia! Wapi? Kujiachia gani kule, mtu amejizuia kila hatua.

Wiki ya tatu, de Kooning na Kline, ndo nzuri kuliko zote na hapa nawapa sifa zao. De Kooning wanamfundisha kwa kukwangua. Unachora, unakwangua, unachora tena juu ya kivuli kilichobaki, na wanakueleza kwamba ile picha yake iitwayo Woman I aliianza 1950 akaimaliza 1952, katikati hapo aliifuta na kuirudia mara nyingi mpaka akaitupa pembeni kabisa kabla ya kuirudia tena. Pia kuna ujanja wake wa kubandika gazeti juu ya rangi mbichi isikauke haraka, ukilibandua wino unabaki kwenye picha. Nilijaribu. Kwenye kona ya kanvasi yangu mpaka leo kuna tangazo la viatu limegeuka nyuma mbele, unasoma bei kutoka kulia kwenda kushoto, na niseme tu ndo sehemu nzuri kuliko zote kwenye picha ile na sikuichora mimi.

Kline na mimi tuligombana siku nne. Unaona yale mabao meusi makubwa, michirizi mipana kama mbao, juu ya nyeupe unadhani mtu kachukua brashi pana kapiga mara tatu kaenda kulala. Kumbe alikua anafanya vimchoro vidogo kwanza, vingine kwenye kurasa za kitabu cha namba za simu, halafu ndo anahamishia kwenye kanvasi kubwa. Na nyeupe yake sio kanvasi iliyoachwa wazi, ni rangi, imepakwa, mahali pengine imepanda juu ya nyeusi ikaila. Zoezi lao linakulazimisha uchore nyeupe tu kwa siku mbili, nyeusi ipo lakini marufuku kuigusa. Mwanzo niliona ujinga. Siku ya pili nilipaka kipande cha nyeupe upana wa vidole viwili pembeni ya bao moja, na lile bao ambalo lilikua limelala tu kama gogo likasimama, nikarudi nyuma nikakaa chini. Nikamwita mtu wa nyumbani aje aone, akaniuliza nimeshakula.

Baada ya hapo kozi inashuka.

Rothko, yule wa mistatili mikubwa ya rangi, kapewa dakika tisa. Tisa! Na katika hizo karibu tano ni kile kisa cha mgahawa wa Four Seasons wa New York, alivyochukua kazi ya kuchora picha za ukutani mwaka 1958 halafu akajitoa akarudisha hela, na picha kadhaa zikaja kuishia makumbusho ya Tate kule London mwaka 1970. Kisa kizuri sikatai, lakini mi nimekuja kujifunza kupaka. Hakuna neno hata moja kwamba zile rangi zinaonekana kama zinawaka kwa ndani sababu ni tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, rangi imezimuliwa sana, mahali pengine amechanganya yai na gundi, mwanga unapita hadi chini ndo unarudi. Mwalimu anasema tu Rothko alikua na huzuni. Sasa nikiwa na huzuni napaka tabaka ngapi? Wangeweza hata kutaja zile picha zake za chuo kikuu cha Harvard zilizopauka kwa sababu ya rangi moja nyekundu isiyovumilia mwanga, angalau mtu ajifunze kusoma lebo ya tyubu kabla ya kununua.

Mchoraji Helen Frankenthaler naye kidogo aniue, namaanisha kozi sio yeye. Wanakwambia mwaka 1952, akiwa na miaka 23 tu, alichora Mountains and Sea kwa kumwaga rangi ya mafuta iliyozimuliwa na tapentaini kwenye kanvasi isiyopakwa praima (ile rangi ya awali ya kuziba kitambaa), rangi ikazama kwenye kitambaa kama chai kwenye shati. Nzuri sana, fanya na wewe. Nikafanya, dirisha limefungwa kwa sababu mvua ilikua inanyesha, na hakuna mahali popote kwenye somo pameandikwa fungua dirisha. Kichwa kiliniuma mpaka kesho yake. Juu ya hapo kila doa likaota duara la mafuta kulizunguka, na ukisoma kidogo unakuta hilo linajulikana kabisa, na mafuta yanaozesha kitambaa kisicho na praima, na Frankenthaler mwenyewe miaka ya 60 alihamia akriliki. Sentensi mbili tu zingetosha. Niliwaandikia huduma kwa wateja, jibu lilikuja baada ya siku 11, linanishukuru kwa kutoa hisia zangu.

Na Lee Krasner jamani, mchoraji kamili. Katajwa mara moja, mke wa Pollock, wakaendelea. Wakati ukifuata kozi yao wenyewe yeye ndo mfano bora kuliko wote: Pollock ana banda, Krasner anachora chumbani juu, meza ndogo, picha ndogo zimejaa vialama kama maandishi. Pollock akafa kwenye ajali ya gari 1956, Krasner akahamia bandani, picha zikakua mpaka mkono wote na mabega yanaonekana ndani yake. Chumba kimebadilika, mwili umebadilika, picha imebadilika. Norman Lewis yeye hayumo kabisa, na alikua pale pale New York miaka ile ile, mtu mweusi kutoka Harlem, mistari yake myembamba ingefaa sana kwa watu tulioanzia kwenye penseli kama mimi.

Kwa hiyo inunue ukiwa na nafasi ya sakafu na unapenda kuchafuka, anza na ile video ya kijiti kabla ya kitu kingine chochote, ukae sana wiki ya tatu, ya tano ruka. Kamera zao nyingi zimewekwa usawa wa uso wa mwalimu kwa hiyo sakafuni huoni kitu, utalazimika kurudisha rudisha. Na plastiki ya chini tandika mara mbili ya wanavyosema. Nina ukanda wa bluu ukutani, usawa wa goti, urefu wa kama mita moja, ulitoka kwenye kijiti changu wiki ya pili siku nilipopata uzi kwa mara ya kwanza, na mwenye nyumba bado hajauona.