Tahadhari: bia za Westvleteren 12 zilizojazwa upya na kuuzwa kama chupa za kukomazwa

Ndugu wakusanyaji, nimechelewa kuandika haya kwa karibu mwezi mzima, na kilichonichelewesha ni aibu tu. Mimi ninayewaonya wageni kila mara wasinunue chupa kwa mtu wasiyemjua ndiye niliyenunua kreti nzima ya chupa 24 za Westvleteren 12, bia ya watawa wa Ubelgiji ambayo wakusanyaji huihifadhi miaka ili ikomae, kwa yule bwana wa maonjo ya bia, ambaye wengi wenu mlinisikia nikimsifu. Angalau chupa 19 kati ya hizo zilikuwa zimeshanywewa, zikajazwa bia nyingine nisiyoijua, kisha zikazibwa tena kwa vizibo vyake vya zamani.

Siku ya kununua alinikalisha mezani, akatoa chupa moja ya kunionjesha. Hakuitoa katika kreti yangu, bali katika kabati lake mwenyewe. Nililiona hilo kwa macho yangu, nikalichukulia kuwa ni ukarimu. Aliifungua taratibu, gesi ikatoa mlio mdogo, akaimimina bila kuitikisa na kubakiza kiasi cha kidole kimoja chini, kisha akaiinua kwenye taa ili nione mashapo ya hamira yakielea na kutulia. Bia ile ilikuwa halisi kabisa: nyeusi yenye wekundu ukiitazama dhidi ya taa, povu zito lisiloisha upesi, harufu ya matunda makavu na sukari iliyoungua. Kabla sijalishusha glasi, moyoni nilikuwa nimeshalipa.

Msinicheke kabla ya kujua kwa nini niliamini. Mtu huyu aliijua bia hii kuliko mimi. Alinionyesha maandishi ya Trappistenbier, yaani bia ya watawa wa Trappist, yaliyoinuka kwenye kioo shingoni mwa chupa, akanieleza kwamba kwa miaka mingi watawa wa abasia ya Mtakatifu Sixtus kule Ubelgiji hawakubandika lebo yoyote, kwa hiyo kila habari ilikaa kwenye kizibo cha manjano, ikiwemo asilimia 10.2 ya kileo na tarehe ya mwisho, ambayo ukiitoa miaka 3 unaupata mwaka wa kujazwa. Yote ni kweli. Kisha akapunguza sauti na kunikumbusha kwamba watawa hawataki bia yao iuzwe tena na mnunuzi kwa mtu wa tatu, nami nikajiona mshiriki wa siri yake, nikaona ni utovu wa adabu kumdai risiti. Hapo ndipo alipokuwa akinipeleka tangu mwanzo.

Wakati wa kuagana alinipa nasaha. Nizisimamishe wima gizani, joto lisipande sana juu ya nyuzi 12, nisizisogezesogeze, na nisifungue hata moja kabla ya miaka 4. Nimezirudia nasaha hizo mara nyingi kichwani, na kinachonikera zaidi ni kwamba hazina kosa lolote. Ningemweleza hivyohivyo mtu yeyote anayeanza. Lakini ndizo zilizompa mwizi miaka 4 ya kwenda zake, huku mimi mwenyewe nikimlindia ushahidi wake chini ya ngazi, nikimfokea kila aliyewasha taa huko.

Kilichotokea kwenye sherehe ya kaka yangu mmeshakisikia, ila mliosikia kwa wengine mjue kwamba nilitangulia kutoa hotuba. Nilieleza habari za watawa, kizibo na uvumilivu, watu wakashika glasi zao kwa heshima, nikafungua. Chupa haikutoa hata pumzi. Iliyomiminika ilikuwa bia ya kahawia iliyolala kama chai iliyosahauliwa, bila povu, na harufu yake ilikuwa ya boksi lililolowa maji, ile ya bia iliyoingiwa na hewa. Shemeji akaniuliza kwa upole kama bia hii ndivyo inavyopaswa kuwa. Nami, Mungu anisamehe, nikamtetea yule mwizi: nikasema bia iliyokomaa hupoteza gesi kidogo. Nikafungua ya pili, ya tatu, ya nne. Baada ya ya nne hakuna aliyeniuliza tena, na hilo lilikuwa baya kuliko swali.

Dalili zilikuwepo. Vizibo 19 vina mstari mwembamba wa kukunjwa juu ya bati, mahali kifungulio kilipobonyeza mara ya kwanza, na mstari huo unaonekana ukimulika tochi kwa ubavu. Ndani ya kreti moja kulikuwa na tarehe 7 tofauti. Nilipouliza alisema amekusanya kidogo kidogo, nikatosheka. Ujazo shingoni haukulingana, na chini ya chupa nyingi hakukuwa na mashapo. Kuna mengine, lakini nikiyaandika nitaonekana mjinga zaidi.

Mtu huyu haifai aachwe hivihivi. Jina lake silitaji hapa kwa kuwa nimeshalifikisha polisi, nanyi mlionisikia nikimsifu mnamjua. Ninachotaka ni arudishe fedha za kila mmoja, afungiwe mlango kila mahali ambapo watu wanabadilishana chupa, na asimame mbele ya walionunua kwake azinywe mwenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka kreti iishe. Bia ya bei ndogo ikiharibika unaimwaga na kununua nyingine. Huyu ametuibia miaka, na miaka hairudishwi na hakimu yeyote. Wapo waliniambia nisamehe, kwamba ni bia tu. Hao hawajawahi kungoja kitu.

Juzi nimeambiwa anatangaza kreti nyingine, safari hii ya Orval za zamani, bia nyingine ya watawa wa Ubelgiji, pamoja na nasaha zilezile za kutofungua mapema. Yeyote aliyenunua chupa kwake azitoe leo, amulike vizibo na kuniandikia alichokiona, kwa sababu polisi wanasema malalamiko ya mtu mmoja hayana uzito. Nimebakiwa na 5 ambazo vizibo vyake havina mstari wowote. Zipo palepale chini ya ngazi, na kila usiku nashuka na kifungulio mfukoni, nazitazama, kisha narudi juu.