Kachori au bagia za kunde?

Kachori ndiyo nyepesi kwa mpishi. Chemsha nusu kilo ya viazi pamoja na maganda yake, menya, kisha uviponde vingali moto kwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu, pilipili na kotmiri. Finyanga madonge, chovya kwenye uji mzito wa unga wa dengu, kaanga. Viazi vilivyomenywa kabla ya kuchemshwa hunywa maji. Mvuke wake ndio unaopasua kachori ndani ya mafuta.

Bagia zinataka subira. Kunde, kikombe kimoja na nusu, ziloweke usiku kucha, uzisugue hadi maganda yatoke yote (hapa wengi huchoka mapema, na bagia huwa nyeusi na ngumu), kisha usage kwa maji machache sana. Piga rojo kwa mwiko dakika tano hivi liingie hewa. Dondosha tone kwenye maji: likielea, kaanga, likizama, endelea kupiga. Rojo lenye maji mengi hutawanyika na kufyonza mafuta.

Kwa chatini ya ukwaju, kachori ya moto haina mpinzani, ila ikipoa hulegea. Wa kubeba kazini achukue bagia: zinashibisha zaidi.