Wanoa mikasi wa baiskeli Moshi: kazi nzuri, ila msimamie

Wanoaji wa baiskeli, yaani wanaozungusha jiwe la kunolea kwa pedali za baiskeli, wanaopita kwenye baraza za mafundi cherehani Moshi, hasa upande wa soko la Mbuyuni, wanaufaa mkasi wa fundi kuliko karakana yenye grenda ya umeme. Sababu ni joto. Jiwe la kuzungushwa kwa miguu huenda polepole. La grenda huzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika, na ukingo wa mkasi hupata moto kabla mtu hajashtuka. Chuma kikigeuka bluu, ugumu umeshatoka. Mkasi utakata vizuri leo, keshokutwa ni butu tena.

Tunawapunguzia alama kwa jambo moja: wengi wamezoea visu na mapanga, hivyo mkono wao hupita pande zote mbili. Mkasi haunolewi hivyo. Upande wa ndani wa kila ubapa umechongwa kijibonde kidogo, ili bapa zigusane kwenye skrubu na pale panapokata tu. Ufunge mkasi, uuinue kwenye mwanga, utaona upenyo mwembamba katikati. Jiwe likisaga ndani, upenyo hupotea na kitambaa hujikunja katikati ya bapa badala ya kukatika. Hapo ni kununua mwingine. Kwa hiyo mwambie mapema, "Fundi, noa mteremko wa nje tu, ndani usiguse," kisha simama hapo hapo. Na asiuchonge mwembamba kama wa kisu. Afuate mlalo uleule uliotoka nao kiwandani.

Kabla ya kulipa, usijaribu kwa karatasi, maana karatasi yenyewe inaua makali. Kunja shifoni au satini, ukate kuanzia karibu na skrubu hadi nchani. Ukikata huku na kutafuna kule nchani, ama ncha haikufikiwa na jiwe au skrubu imelegea. Kulijua hilo, fungua mkasi, ushike mpini mmoja ncha zikitazama juu, uachie wa pili: unatakiwa kushuka taratibu na kuishia njiani. Mpini huo ukidondoka hadi mwisho, kaza skrubu robo mzunguko, jaribu tena. Mikasi iliyofungwa kwa ribiti, yaani pini iliyogongwa badala ya skrubu, haikazwi kwa bisibisi. Hugongwa kidogo kwa nyundo, na hiyo ni kazi ya mwenye uzoefu.

Futa vumbi la jiwe kabla ya mafuta, maana vikichanganyika vinasaga skrubu. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani, fungua na kufunga mara kumi, futa, uanze na makapi kabla ya kitenge cha mteja. Mafuta ya kupikia huganda na kunasa nyuzi. Masika, Machi hadi Mei, pitisha mafuta kidogo kwenye bapa zote kila jioni, kutu isipate nafasi.

Mkasi wa zigizaga usiwape kabisa. Jiwe la duara haliingii katikati ya meno, litayasawazisha tu.