Uzoefu wangu wa kufundisha njia ya misafara kwa Google Earth Pro

Ninafundisha Historia na Jiografia Kidato cha Kwanza na cha Pili mkoani Dodoma, na kwa miaka mingi mada ya biashara ya misafara, yaani misafara ya wapagazi iliyosafirisha bidhaa kati ya pwani na bara katika karne ya 19, ilinisumbua. Wanafunzi walikariri Bagamoyo, Tabora na Ujiji kama majina matatu tu, wakayaandika kwenye mtihani, kisha wakayasahau. Hali ilibadilika nilipoanza kutumia Google Earth Pro, programu ya ramani na picha za setilaiti za dunia inayotolewa bila malipo tangu 2015, kwa kompyuta mpakato moja na projekta moja ya shule.

Katika kipindi cha kwanza tulichora mstari kutoka Bagamoyo, tukapita Mpwapwa, Ugogo (nchi ya Wagogo, huku kwetu Dodoma) na Tabora hadi Ujiji. Njia hiyo inazidi kilomita 1,000 hata ukiinyoosha, na darasa lilinyamaza nilipowakumbusha kwamba mpagazi wa Kinyamwezi aliitembea akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Kisha nikafungua mchoro wa mwinuko wa mstari huohuo. Waliona nchi ikipanda kutoka usawa wa bahari hadi uwanda wa juu, Tabora ikiwa karibu mita 1,200, halafu ikishuka hadi Ziwa Tanganyika lililo kwenye mita 770 hivi. Bonde la Ufa, ambalo nilikuwa nikilichora ubaoni kama herufi, sasa walikuwa wanalishuka pamoja na msafara.

Faida kubwa zaidi niliipata tulipofika Ugogo. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini misafara ililalamikia sana hongo ya huku, neno ambalo wakati huo lilimaanisha ushuru wa kupita. Sikumjibu, nilikuza picha ya setilaiti, tukatazama ardhi ya kahawia na mikondo ya mito iliyokauka, nikawauliza msafara wa mamia ya watu ungekunywa nini. Hawa ni watoto wanaojua foleni ya kisima, kwa hiyo walieleza wenyewe kwamba aliyemiliki maji ndiye aliyemiliki njia. Kwa maoni yangu hapo ndipo masomo haya mawili yanapokutana, na sijawahi kulifikia jambo hilo kwa ramani ya ukutani peke yake.

Baadaye tulizungusha tufe na kuweka alama Salem, Massachusetts, walikotoka wafanyabiashara walioleta kitambaa cha pamba kiitwacho merikani, na Venice, zilikotengenezwa shanga nyingi za biashara. Tuliweka alama nyingine Connecticut, ambako pembe za ndovu zilikatwa kuwa vibao vya piano. Darasa liliona kwamba Tabora ya karne ya 19 ilikuwa ndani ya historia ya dunia.

Yapo mambo ambayo mwalimu anapaswa kuyatazama kwa makini. Mchoro wa mwinuko hukuza kimo kuliko umbali, nami mara ya kwanza sikulieleza hilo, hivyo wanafunzi wakadhani njia ilikuwa ya kupanda kuta. Jambo zito zaidi ni kwamba picha ni za nchi ya leo. Mwanafunzi mwingine alionyesha Bwawa la Mtera na kusema kwamba misafara ingeteka maji pale, ilhali bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1970. Tangu siku hiyo huanza kwa kuliuliza darasa ni vitu gani tuvifute kichwani: bwawa, barabara ya lami, na reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Programu inaruhusu pia kutandaza picha ya ramani ya zamani juu ya ardhi na kuififisha taratibu hadi ardhi iliyo chini yake ionekane, na zoezi hilo husaidia kuliko maelezo yangu marefu.

Shuleni kwetu mtandao hausomi vizuri, kwa hiyo hutembelea maeneo yote ya somo siku moja kabla, nikiwa mahali penye mtandao. Programu huhifadhi picha zilizokwisha kufunguliwa, nami huzionyesha darasani bila mtandao. Siku ya kukatika umeme hutumia picha nilizochapisha. Ramani ya ukutani sijaiondoa: kila kipindi humalizika kwa wanafunzi kuichora njia kwa mkono kwenye madaftari, wakiandika mwinuko kando ya kila kituo, kwa sababu kwenye mtihani hawatakuwa na projekta.