TAHADHARI: Anayeuza "darubini ya picha za Vita vya Tanga" ni tapeli, msimtumie hela

Wadau wa vitu vya kale, salaam. Nimepigwa laki sita na nusu, na bado nina hasira, kwa hiyo mnivumilie nikizunguka kidogo.

Kitu chenyewe ni stereoskopu. Kwa asiyeijua: ni kifaa cha mkononi chenye mpini chini, kikinga mwanga cha kuegemeza uso, lenzi mbili, na reli ya mbao yenye kishikio cha kadi. Kadi ina upana wa sentimita 18 hivi, na imebandikwa picha mbili zinazofanana kama pacha, lakini zina tofauti ndogo: moja imepigwa kutoka jicho la kushoto, nyingine kutoka la kulia. Ukitazama, picha inasimama. Mtu wa mbele anajitenga na ukuta wa nyuma mpaka unataka kunyoosha mkono umguse. Muundo huu wa mpini aliubuni Oliver Wendell Holmes wa Marekani mwaka 1861, hakutaka kuuwekea hakimiliki ya uvumbuzi, kila fundi akatengeneza cha kwake. Ndiyo maana halisi bado zipo nyingi duniani, na bei yake si ya kutisha.

Sasa mimi udhaifu wangu ulijulikana. Kwenye kundi letu la WhatsApp niliwahi kusema kwamba babu yangu alikuwa akisimulia habari za baba yake, aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 na hakurudi. Hatuna picha yake, hatuna hata kaburi. Wiki mbili baadaye, mtu nisiyemjua akanitumia ujumbe: "Kaka shikamoo, nimesikia unatafuta vitu vya vita vya Mjerumani. Nina darubini na picha 48 za Vita vya Tanga, wapagazi wamo, sura zinaonekana."

Hapo nilikwisha.

Hadithi yake ilikuwa tamu. Vitu ni vya Mgiriki mmoja aliyekuwa na shamba la mkonge Tanga, mzee kafariki, wajukuu wanafunga nyumba warudi kwao. Walowezi wa Kigiriki kwenye mkonge walikuwepo kweli, kwa hiyo sikushtuka. Bei nayo haikunishtua. Siku zote tunaambiana ogopa bei ya kutupa. Huyu hakutupa, alipanga. Alitaja laki nane, nikambembeleza, akashuka kwa shida mpaka sita na nusu, tena akilalamika kwamba wenye mali watamgombeza. Akanitumia video: mkono unachukua kadi ya kwanza, ya pili, ya tatu, moja moja, unageuza nyuma kuonyesha maandishi. Vyote vimepangwa juu ya kanga iliyoandikwa "Wema hauozi". Kumbukeni hiyo kanga.

Nikatuma nusu kwa simu. Akasema kuna Mzungu kafika kuangalia mzigo, nikatuma nusu iliyobaki usiku uleule. Mzigo ulikuja kweli, kwa basi, nimeupokea Mbezi. Hapo ndipo ujanja wake ulipo: hakuniachia mikono mitupu. Mtu aliyepokea boksi huwa anasitasita kusema ameibiwa, na polisi nao wanakuuliza, "Si umeletewa?"

Kifaa kwanza. Mbao mpya zilizopakwa rangi ya kahawia na kusuguliwa pembeni zionekane zimechakaa. Lenzi za plastiki. Skrubu za nyota! Skrubu za nyota zimeanza kuenea miaka ya 1930. Stereoskopu inayodaiwa kuwa ya kabla ya vita ya kwanza inatakiwa iwe na skrubu za mstari mmoja. Mahameli ya kuzuia mwanga usoni ilikuwa imegundishwa kwa gundi iliyokuwa bado inanata.

Halafu kadi. Tatu za juu, zilezile za kwenye video, ni halisi. Zimetoka Keystone View Company ya Meadville, Pennsylvania, kampuni iliyouza seti kubwa za picha za vita hivyo, nyingine zikifika kadi 300, kwenye maboksi yenye umbo la vitabu. Kadi zao ni nene, za kijivu, zimepinda kidogo makusudi kwenda ndani, na nyuma zina maelezo ya Kiingereza. Zile tatu zote ni za Ufaransa: mahandaki, mizinga, matope. Hakuna Tanga hapo.

Zilizobaki 45 ni karatasi ya printa iliyobandikwa kwenye manila na kuchovywa chai. Nasema chai kwa sababu rangi ilikuwa imekusanya michirizi ukingoni kama kikombe kisichooshwa. Nikaweka ya kwanza kwenye kishikio, nikatazama. Bapa. Ya pili, bapa. Nilidhani macho yangu. Kumbe amechukua picha moja tu akainakili mara mbili, kushoto na kulia. Macho yakiletewa kitu kilekile mara mbili hayana cha kupimia kina, kwa hiyo unaona picha ya kawaida tu, ila kwa taabu zaidi.

Maelezo chini ya kila picha ameyaandika yeye, kwa herufi za taipureta za kwenye kompyuta. "Vita vya Tanga, 4 Novemba 1914. Askari wa Lettow-Vorbeck wakisubiri Waingereza." Huyo Lettow-Vorbeck ndiye aliyekuwa kamanda wa Mjerumani. Askari wenyewe wamevaa kofia za chuma za Kijerumani, zile zinazoshuka mpaka masikioni. Jeshi la Ujerumani lilianza kuzipata kofia hizo mwaka 1916, huko Ulaya. Tanga mwaka 1914 askari wa Mjerumani walivaa tarbushi yenye kitambaa cha kaki na kipande cha nyuma cha kukinga shingo. Picha nyingine, "Wahindi wa Mwingereza wakikimbia nyuki", inaonyesha wanaume weupe wenye sketi za Kiskochi wakipita kwenye theluji. Theluji, Tanga! Habari ya nyuki ni ya kweli, waliwashambulia wapiganaji siku ile, na tapeli anajua kwamba kila aliyesoma historia ya Tanga anaikumbuka. Na "wapagazi" wangu niliowalipia? Wanajeshi wa Ulaya wamebeba machela.

Nilimpigia. Kwanza alikuwa mpole: "Kaka, rudisha mzigo, hela yako utapata." Nikamwambia turudishiane siku moja, nipeleke mzigo yeye atume hela. Akaniuliza kama simwamini. Jioni namba ilikuwa haipatikani, na WhatsApp alishanizuia.

Nilipoeleza kwenye kundi, wawili wakanifuata pembeni. Ndugu mmoja wa Mombasa aliuziwa picha ileile ya kofia za chuma, ila kwake maelezo yalisema ni Salaita, kule Kenya karibu na Taveta, Februari 1916. Dada mmoja wa Kigoma, mwenye asili ya Kongo, yeye aliambiwa ni Wabelgiji na askari wao wakiingia Tabora, Septemba 1916. Salaita kulipiganwa kweli, na Tabora iliingiwa mwezi huo kweli. Tarehe zote sahihi! Jamaa anasoma, hilo nampa. Anachokuuzia ni babu yako, kisha anatafuta picha yoyote ya kumvisha.

Picha zenyewe nimejua anakozitoa. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni kadi nyingi za aina hii, mtu yeyote anazishusha bure. Kazi nzuri sana ile, naipenda, lakini na yeye ameiona.

Sasa kama unataka kununua, kwake au kwa mwingine, usiridhike na video ya kadi tatu. Chagua wewe kadi kutoka katikati ya rundo, iwe ya saba au ya ishirini, akupigie picha ya karibu, mbele na nyuma, nusu zote mbili zionekane. Kisha tafuta kitu kilicho karibu, tuseme nguzo, utazame kinaangukia wapi kwenye mandhari ya nyuma. Kwenye nusu ya kushoto na ya kulia nguzo lazima iwe imesogea kidogo dhidi ya vitu vya mbali. Isiposogea hata chembe, ni nakala. Mzigo ukiwa mkononi, chukua kioo cha kukuzia: picha ya kweli ya kemikali haina vidoti, ya printa inajaa vidoti vya rangi. Ila kuna kadi za bei nafuu za zamani zilizochapwa mashineni, nazo zina vidoti, kwa hiyo kipimo hiki peke yake kisikufanye umkabe mtu. Kinachonifurahisha mimi ni ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, iliyopo kwa mawakala wengi. Imulike kadi gizani. Karatasi nyingi za siku hizi zina dawa ya kuzifanya ziwe nyeupe, zinang'aa kibuluu kama shati jeupe kwenye disko. Kadi zangu 45 ziling'aa licha ya chai yote ile. Zile tatu zilibaki kimya.

Kuna anaowaambia sasa kwamba anazo "za vioo" kutoka Ufaransa. Picha za vioo zipo kweli, Wafaransa walizipiga nyingi sana wakati wa vita, kwa vipimo vya milimita 45 kwa 107 au sentimita 6 kwa 13. Lakini hizo hazitazamwi kwa kifaa cha Holmes cha kadi, zina visanduku vyake. Akikuuzia vyote viwili kama seti moja, kata simu.

Nimechukua RB (namba ya taarifa ya polisi) kituoni, na namba ya simu ya tapeli nimeituma 15040, ya kuripoti matapeli wa simu. Namba hiyo sitaiweka hapa, huenda imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiye na habari. Anabadilisha majina na laini, kanga habadilishi.

NYONGEZA, Jumapili: dada wa Kigoma kanitumia tangazo jipya. Kanga ileile, rundo lilelile, na picha ya kofia za chuma iko juu kabisa. Safari hii ni "Vita vya Maji Maji, 1905", anaanzia laki tisa.